Vijiti vya Mbao

"Mteja amechomwa na kibanzi mdomoni," meneja wa mgahawa alisema. "Kesho vinakuja vijiti vya kulia vya plastiki na mashine ya kuviosha. Hivi vya mbao vitupwe."

Shangazi, aliyeviosha kwa mkono miaka tisa, alijua mashine ikiingia, yeye anatoka. Alisugua kijiti kwa msasa laini, akakipitisha polepole kwenye mdomo wake wa chini, akakiweka pembeni kioshwe tena na kupakwa mafuta.

"Vidole vimekufa ganzi kwa maji ya moto," aliniambia nikimsaidia kuvipanga. "Mdomo haudanganyi."

"Vyote mia mbili, Shangazi?"

"Mwanangu, kibanzi hakiagi kinakokwenda kukaa."

Meneja aliokota kimoja ambacho hakijasuguliwa, akakigusisha mdomoni, akakunja uso.

Bila kumtazama, Shangazi akamkatia kipande cha msasa.

Akakipokea.