Nondo wa Jikoni kwa Mama

Siku hizo sheria ilikuwa kwamba jenasi mpya ya kiumbe, yaani kundi la spishi zinazofanana, ikigunduliwa mahali, watu wa hapo huhamishwa ndani ya wiki moja. Mkawasi, mtaalamu wa wadudu waitwao nondo, aliijua vizuri. Lakini asubuhi alipomkuta nondo wa kijivu ukutani jikoni kwa mama yake, kule Taita, akaona mishipa ya mabawa isiyofanana na ya jenasi yoyote, furaha ilimzidi. Aliandika maelezo, akataja kijiji, akayatuma serikalini.

Siku ya tatu maofisa wakaja na malori ya kuwahamisha wanakijiji.

"Nani aliwaambia?" mama aliuliza huku akifunga sufuria kwenye leso.

"Ni mimi, mama."

"Ungeniuliza, mwanangu."

"Niliogopa ungekataa."

"Na umempa jina gani?"

Alikuwa amempa jina la mama. "Bado sijaamua," Mkawasi alisema, macho chini.

Mama alifunga mlango wa jiko polepole, asimshtue mdudu, akamkabidhi ofisa mmoja ufunguo. Mkawasi alimfuata mama akiwa amebeba sufuria. Njiani majirani waliokuwa wakipakia vitanda vyao walimpa Mkawasi pole kwa upole, kwa kuwa mama hakuwaambia ni nani aliyetuma maelezo.