Mwavuli wa Mauti

Gervais aliingia na panga ndani ya koti, akakaa safu ya nyuma kama mtu aliyekuja kustarehe.

Ilikuwa Jumapili mchana, kanisa limeshatoka, na gereji ya nyumba moja ya mtaa wa Bellevue ilijaa Wakongo na Warundi hadi mlangoni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Mbele kulikuwa na televisheni kubwa, na kando yake, juu ya kiti kirefu, mtu mmoja na maikrofoni: Damien, mtafsiri wa filamu za Kichina.

Gervais alimchukia kabla hata hajamwona. Kwa miaka mingi mtafsiri alikuwa yeye, kule mtaa wa jirani wa Yeoville, watu wakipanga foleni. Na tusidanganyane: hakuna mtafsiri aliyejua Kichina. Mtafsiri hutunga tu, na mwenye ulimi mtamu ndiye mwenye watu. Kisha mwaka wa 2017 Damien akaja kutoka Durban, akaanza kuzipa silaha majina. Kofia ya chuma inayoruka na kung'oa vichwa aliiita Kinyozi. Filimbi inayotema sindano aliiita Mama Mkwe. Watu wakacheka, wakahama. Chumba cha Yeoville kikabaki na Gervais na viti vyake.

Alishatuma vitisho: uhame au utahamishwa. Damien hakujibu. Sasa mfa maji hukamata maji. Leo angemtisha mbele ya watu wake mpaka apige magoti, na mtafsiri aliyepiga magoti hana wa kumsikiliza tena.

"Mama Carmel, ongeza sauti!" Damien alimwambia mkewe Clémentine, aliyesimama mlangoni na rimoti. "Hii kitu inapenda kusikiwa!"

Kilichomchoma Gervais zaidi ni maringo. Damien aliipa televisheni mgongo. Alikaa akiwaelekea watu, kidevu juu, kana kwamba hana haja ya kutazama. Na hakuna aliyewahi kumwona akiingia wala akitoka: ukifika yuko juu ya kiti, ukiondoka yuko juu ya kiti. Mfalme wa gereji!

Kwenye skrini, mzee mwenye ndevu nyeupe alichomoa pepeo la chuma, lile la kujipepea, ila hili lilikuwa na wembe kila ncha. Likafunguka kwa mlio mkali.

"Angalieni mwavuli wa mauti!" Damien alipaza sauti. "Leo mvua itanyesha damu!"

Watu wakavunjika mbavu. Pepeo, eti mwavuli! Walidhani ni mzaha. Gervais akasaga meno. Filamu ile aliijua tangu Bujumbura. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hata kazi hafanyi tena, anabwabwaja tu, na bado wanampenda. Akasimama.

Alipita katikati ya viti, panga mkononi.

"Eish! Leo wametuletea na mwigizaji!" mtu mmoja akapiga kelele, na wengine wakapiga makofi. Clémentine peke yake ndiye aliyeelewa. Aliziba mdomo.

Gervais hakusema neno. Katika filamu hizi muuaji wa kweli haongei. Alisimama mbele ya kile kiti, akainua panga mpaka ncha ikabaki shubiri moja kutoka kooni mwa Damien. Mwanga wa skrini ulicheza kwenye chuma.

Macho ya Damien yalikuwa wazi, yamemkabili. Hayakupepesa.

Kwenye filamu, kijana shujaa alikuwa amezingirwa, na Damien akamsemea kwenye maikrofoni, taratibu, kwa dharau:

"Unangoja nini? Kata. Nilizaliwa mara moja, nitakufa mara moja. Lakini ukishindwa, usirudi tena hapa."

Watu wakalipuka kwa vifijo. Gervais aliwahi kuwatisha wengi, na wote walitazama panga kwanza. Huyu hakulitazama hata kidogo. Mtu wa namna hii ana kitu kinachomlinda, alijiambia. Akaliweka panga sakafuni polepole, akatoka nje nusura akimbie. Maikrofoni yake aliiuza wiki hiyohiyo, sokoni Newtown.

Filamu ilikwisha. Mtu wa mwisho alipotoka, Clémentine alifunga mlango na kuanza kulia.

"Nini, mama?" Damien aliuliza, bado yuko juu ya kiti. "Kuna mtu alihema mbele yangu, watu walipomaliza kupiga makofi. Alikuwa nani?"

"Gervais. Alikuwa na panga, Papa Carmel. Lilikuwa hapa." Akamgusa kooni kwa kidole.

Damien alianza kutetemeka mwili mzima.

Clémentine akavuta fimbo nyeupe ya kupapasia njia kutoka nyuma ya televisheni, akaikunjua, akamwekea mkononi.