Chini Kuna Watu

Ndege ilikataa kushuka kwa mara ya tatu. Ilisimama hewani juu ya uwanja wa mpira wa Buhinyuza na kuandika maneno yaleyale kwenye skrini ya Fredi: chini kuna watu.

Fredi mwenyewe alikuwa ameketi Gitega, kilomita sabini na kitu kutoka uwanja ule. Ndege hiyo haina rubani. Safarini huenda kwa injini ya petroli, lakini kupaa na kutua hutumia betri, na ya kutua Buhinyuza ilikuwa ya dakika tisa tu. Tano zilishakwenda.

Tumboni ilibeba mifuko miwili ya damu. Sanduku lake halifunguki hewani hata ulie machozi. Ni mpaka miguu iguse ardhi. Damu ilikuwa ikimwendea Jeska, mdogo wake Fredi, aliyejifungua asubuhi ile katika kituo cha afya kando ya uwanja, na tangu hapo akawa anavuja damu bila kukoma.

"Saa moja tu, Fredi," muuguzi Ghislaine alikuwa amemwambia kwa simu. "Nyuma ya hapo, mi siwezi kukudanganya."

Na sasa watu hawa! Wamejaa uwanjani utadhani wameitwa kwenye mechi. Katikati yao ilifunguliwa miavuli mitatu myeusi, imebanana, na wingu hata moja halikuwapo. Fredi aliijua picha hiyo. Mkubwa fulani wa serikali ya komini amesikia ndege inakuja, naye kaja kupigwa picha. Wakubwa hawakosekani penye kamera.

Alimpigia Ghislaine, hakupokea. Akampigia shemeji yake Venansi, mume wa Jeska. Simu iliita hadi ikakata.

Akaisogeza ndege hadi kwenye kona, karibu na goli. Miavuli ikaifuata. Akaipeleka kona ya pili. Miavuli ikageuka, ikaja mbiombio, ikasimama tena chini yake barabara.

"Lakini anataka nini mtu huyu?" Fredi alifoka.

"Sema nao mu kipaza," alisema Klara, mwenzake wa zamu.

Ndege ilikuwa na kipaza sauti cha kuwaonya watu wa mabondeni mafuriko yakija. Fredi akabonyeza.

"Ndugu zangu, ondokeni uwanjani! Ndege haiwezi kutua juu ya watu!"

Kwa kelele zile za mapanga ya ndege, sijui walisikia nini. Waliinua mikono wote kwa pamoja. Wengine walipiga magoti.

"Nawaomba, jamani! Huyo mliyemfunika miavuli, mtoeni hapo! Kuna mama anakufa!"

Hapo umati ulitulia, kama watu walioelewa. Kisha wakasogea karibu zaidi, miavuli mbele.

Fredi alilia. Mwanamume wa miaka arobaini, mbele ya wenzake, na hakujificha. Jeska alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na Fredi ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kila mama yao alipokwenda kutafuta kuni. Leo ameshika ndege nzima mkononi, na kuwafukuza watu uwanjani kumemshinda.

Dakika zikaisha. Betri iliyobaki ilikuwa ya kutua nyumbani, na ndege haikumuuliza mtu. Iliwasha injini, ikainamisha bawa, ikashika njia ya Gitega pamoja na damu yake. Dakika arobaini za kurudi, arobaini tena za kwenda. Fredi alijaribu kuigeuza, usukani ukamgomea.

"Mungu amlaani huyo mkubwa," alisema.

Simu ikaita. Alikuwa Ghislaine, anahema.

"Fredi, pardon, nilikuwa ndani nazalisha mama mwingine. Natoka, napata kitanda ya Jeska iko vide, hakuna mutu! Venansi na majirani bamemubeba na machela ya ngobyi ku mabega, banasema ndege imekuja kumutwala hopitali ya Gitega. Bamemufunika na miavuli, jua isimuchome. We haukubaona pale uwanjani?"