Kufuli la Geti

Mama Lusajo, jirani wa ukuta mmoja, alikuja kulalamika. Sekela alimkaribisha barazani, akammiminia chai.

"Mdogo wangu, mbwa wako hanyamazi. Tangu wezi waingie kwako, mjukuu wangu hapati usingizi wa mchana."

"Ameharibika," Sekela alikubali. "Nimeshindwa naye. Kesho mlinzi wa ghala anakuja kumchukua."

Akanyanyuka, akaenda getini, akalivuta kufuli kuona kama limeshika. Bosi, yule mbwa, akaruka na mnyororo wake, akabweka mpaka sauti ikamkauka. Sekela aliporudi kuketi, mbwa akanyamaza. Hata chai haijapoa, Sekela akanyanyuka tena. Kufuli likagonga chuma, Bosi akaanza upya.

Mama Lusajo akaweka kikombe chini. "Sekela, hebu kaa. Usiende tena, tumwone."

Sekela akakaa, mikono ameibana katikati ya magoti. Bosi akajilaza, kidevu juu ya miguu yake ya mbele. Uani kukatulia.

Upepo ukalisukuma geti kidogo. Sekela hakunyanyuka, ila macho yake yalikimbilia kufuli. Na mbwa, ambaye muda wote alikuwa akimtazama yeye, akainua kichwa.