Waya wa Buluu

Jumanne, tarehe 9 Machi 1982. Asubuhi hiyo mvua nyembamba ilinyesha katika mji wa Sunnyvale.

Meneja wa kiwanda cha kompyuta aliweka kipande cha waya wa buluu mbele ya Noreen, aliyebuni bodi ya saketi inayozuia programu moja kuingilia kumbukumbu ya nyingine ndani ya kompyuta.

“Lehemu hapa, ishara ziiruke bodi yako. Mashine itaenda kasi. Ijumaa tunaipeleka hospitali.”

“Jana niliijaribu hivyo, bosi. Dawa ya mgonjwa mmoja ilijiandika kwenye rekodi ya mwingine.”

“Mara moja tu. Usitutishe, mama. Wewe buni, kuuza tuachie sisi.”

Mafundi wawili wa meza ya pili walicheka.

Noreen alichukua kisu. Pembeni mwa bodi, kwenye shaba, kulikuwa na herufi za jina lake, kama ilivyokuwa desturi ya wabunifu wote pale. Alizikwangua taratibu mpaka vumbi jekundu likamwingia chini ya kucha.

Akawageukia mafundi.

“Ninyi ni mashahidi wangu. Waya huo siulehemu, wala jina langu halitakwenda na mashine hiyo. Na Ijumaa, Mungu akinijalia, nitafika hospitali kabla ya mashine, niwaambie nilichokiona.”