Kidonge cha Asubuhi

"Shikamoo, mama," jirani mpya aliniamkia mlangoni. Kisha akamgeukia mama yangu mzazi, bibi wa miaka themanini: "Mambo vipi, dada?"

Mama akacheka. Hakumsahihisha!

Siku hizi kila mtu humeza kidonge cha asubuhi. Mwili hukigeuza kuwa homoni, wasiwasi unakwisha, ngozi haikunjamani. Mimi niliacha nilipofiwa na mume wangu, Mahfudhi, maana nilitaka kumlilia na machozi hayakuja. Sasa nimelia, na uso wangu umezeeka. Kwani nimemkosea nani?

Jirani alipoondoka nikafoka. "Mama, umeniaibisha! Mkwe wako alizikwa wewe unatafuna karanga, na leo unaona haya hata kusema umenizaa?"

"Hasira zinakuzeesha, mwanangu," alisema kwa upole uleule wa siku ya msiba. Akaniwekea kidonge kwenye kisahani cha chai. Nikakitupa kwenye sinki.

Hata hilo halikumkasirisha. Alinitazama usoni kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Shikamoo," akasema.

Mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukajibu: "Marahaba."