Mfarishi Usiotakiwa Kuisha

Sindano ilivunjika tena, na Scolastica akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Pole, mama," alisema, akijitia kusikitika. "Labda tupumzike hadi wiki ijayo."

"Nipumzike, nimechoka nini? Lete nyingine."

Bernadina alikuwa amevuka miaka sabini, na maisha yake yote hakuwahi kushona zaidi ya kifungo cha shati. Sasa ghafla alitaka kudarizi mfarishi wa vipande, wa kutandika kitandani, kwa cherehani, uzi upinde na kujizungusha juu ya kitambaa kama maboga yanavyotambaa shambani. Aliuona mmoja wa namna hiyo kwa masista wa Mbulu mjini, akarudi nao kichwani. Vipande alivichagua mwenyewe kwenye marundo ya mitumba mnadani. Mwalimu hakumtafuta mbali, maana binti yake Scolastica alikuwa fundi wa barazani pale sokoni.

Siri ya kazi ile ni ndogo. Unashusha meno ya cherehani, yale yanayosukuma kitambaa kutoka chini, kisha mikono yako ndiyo inayokiongoza. Usipoyashusha, meno yanavuta huku, wewe unavuta kule, na sindano inakatika. Scolastica alifundisha kila kitu isipokuwa habari ya meno.

Msimwone mbaya. Bibi yake, mama wa Bernadina, alijishonea shuka la kuzikiwa, akafunga fundo la mwisho, na wiki haikuisha akazikwa nalo. Tangu hapo, katika ukoo ule, mzee akishika sindano watoto wanakosa usingizi. Scolastica aliamini, kama mtu anavyoamini jambo asilothubutu kulitamka, kwamba mfarishi usipoisha mama yake hatakufa.

Na dalili zilikuwa nyingi. Mama alikuwa ameanza kugawa vitu: sufuria kubwa kwa Scolastica, jembe kwa jirani, kuku kwa mke wa Renatus, kaka yake Scolastica. Paroko alifika nyumbani kwao Bashay, akaongea na mama mlango ukiwa umefungwa. Alipoulizwa kama anaumwa, mama alijibu kwamba hajajisikia vizuri hivi tangu ujana wake. Jibu hilo lilimtisha Scolastica kuliko yote. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kisha akaja Mzee Onesphory, seremala wa Endagikot. Majeneza ya nusu ya tarafa yalitoka mikononi mwake. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mzee," Scolastica alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia kwa sauti ndogo, bila kumtazama usoni.

Alitoa futi kamba mfukoni. Akaupima mfarishi urefu, akaupima upana, akaupapasa kwa kiganja.

"Utatosha?" Bernadina aliuliza.

"Utatosha vizuri." Macho ya mzee yalikuwa na maji. "Nitatumia mninga mtupu."

Scolastica alikwenda nyuma ya zizi, akalia mpaka ng'ombe wakamshangaa. Kesho yake alikwenda kwenye simu ya kulipia, akampigia Renatus kule Babati, alikopata kazi ya ofisini Manyara ilipofanywa mkoa.

"Njoo," alimwambia. "Na koti jeusi usiliache."

Akazidisha ujanja. Alificha bobini, akalegeza mkanda wa cherehani, akanunua uzi mbovu unaokatika ukiutazama tu. Mama hakugomba. Alishona, akafumua, akaanza upya, huku akiimba nyimbo za kwaya. Alikuwa mwanafunzi mwenye subira kuliko mwalimu wake.

Asubuhi moja Scolastica alifika kwa mama yake akasikia cherehani ikikimbia bila kukwama. Uzi ulikuwa unatambaa pembe hadi pembe, unapinda, unarudi. Ulikuwa mfarishi mzuri kuliko wowote aliowahi kushona yeye mwenyewe, na kwa dakika nzima alisahau kuogopa.

"Kumbe meno yanashushwa," mama alisema bila kuinua macho. "Mwalimu wangu alisahau kuniambia."

"Nilisahau, mama."

"Eeh. Fundi mzima, ukasahau." Akakata uzi kwa meno yake mwenyewe, yale machache yaliyobaki, akaukunja mfarishi. "Nimemaliza. Jumapili njooni misani wote. Mtakaa na mimi, benchi la mbele."

Walikwenda. Renatus alitoka jasho ndani ya koti jeusi, ingawa Mbulu ilikuwa na baridi. Scolastica alikaa karibu na mama yake, bega kwa bega, akimsikiliza anavyopumua. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Scolastica alijiapiza kwamba padre akitaja mpako wa wagonjwa hatapiga kelele kanisani.

Baada ya komunyo padre alifungua matangazo, akarekebisha miwani.

"Tangazo la kwanza la ndoa," alisoma. "Onesphory Sulle, mgane, wa Endagikot, anatarajia kufunga ndoa na Bernadina Akonaay, mjane, wa Bashay. Mwenye kujua kizuizi chochote atoe taarifa kwa paroko."

Scolastica alifungua mdomo. Mama yake alimshika mkono, akaubana kwelikweli.

"Wewe nyamaza," alimnong'oneza. "Umeshanizuia vya kutosha."